George Gallup, mpima upepo wa wagombea aliyeponzwa na siku za mwisho

Mwanzoni mwa Mei 1940, wafuasi wa chama cha Republican nchini Marekani waliulizwa nani awe mgombea wao wa urais. Asilimia 67 walimtaja Thomas Dewey, mwendesha mashtaka kijana wa New York aliyejulikana kwa kuwafunga majambazi. Wendell Willkie, mkuu wa kampuni ya umeme ambaye hakuwahi kushika kiti chochote cha kuchaguliwa, alipata asilimia 3. Wiki saba baadaye, usiku wa kuamkia Juni 28, aliyeteuliwa kupeperusha bendera ya chama alikuwa Willkie.

Mtu aliyekuwa akihesabu kuteleza kwa Dewey na kupanda kwa Willkie, wiki baada ya wiki, hakuwa mwanasiasa. Alikuwa George Gallup, mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka jimbo la Iowa. Jina lake limeenea kiasi kwamba katika Kifini neno gallup ni nomino ya kawaida, maana yake uchunguzi wa maoni, au sondaji kama wengi wanavyosema Kongo. Kila mara Marekani inapoanza kuwachuja wagombea wake, na kila anayejaribu kubashiri nani atapanda na nani ataporomoka anapochukua kalamu, njia inayotumika ni ile aliyoieneza yeye. Na kosa lililomtia aibu kuliko yote lilitokana na jambo ambalo mwaka 1940 alikuwa ameliona kwa macho yake.

Nchini Kongo mgombea urais hutangazwa na chama chake au na muungano wa vyama, na mwananchi humkuta tayari kwenye orodha ya tume ya uchaguzi. Marekani kuna hatua ya kwanza kabla ya hapo. Wanachama na wafuasi wa kila chama hupiga kura jimbo kwa jimbo kuwachagua wajumbe, na wajumbe hao ndio humteua mgombea katika mkutano mkuu. Majimbo hayapigi kura siku moja. Matokeo ya yale ya mwanzo huwatisha wafadhili, huwaamsha waandishi wa habari na kuwaondoa baadhi ya wagombea kabla majimbo makubwa hayajasema neno. Ndiyo maana upepo ukigeuka mapema, mwenye kuuona wa kwanza ana kitu cha thamani mkononi.

Maziwa, magazeti na mama mkwe

Gallup alizaliwa Novemba 18, 1901, katika mji mdogo wa Jefferson, Iowa. Akiwa kijana alisambaza maziwa, na pesa alizopata alizitumia kuanzisha gazeti la shule yake ya sekondari. Katika Chuo Kikuu cha Iowa alikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi. Kiangazi cha 1922 alipata kazi ya likizo katika mji wa St. Louis: kubisha hodi nyumba kwa nyumba na kuwauliza watu wanasoma nini katika gazeti lao.

Kazi hiyo ilimchosha, lakini ilimfundisha jambo. Watu hujibu kwa namna inayowapa heshima. Ukimuuliza mtu anasoma nini, atakuambia anasoma tahariri na habari za dunia. Gallup akaanza kukaa na msomaji, gazeti likiwa wazi mbele yao, wakipita ukurasa kwa ukurasa, na kuweka alama pale tu ambapo macho ya msomaji yalifika kweli. Ikaonekana kwamba wengi walianza na vibonzo. Aliifanya njia hiyo kuwa utafiti wake wa udaktari wa saikolojia, aliouhitimisha mwaka 1928, huku akifundisha uandishi wa habari.

Siasa ilimfikia kupitia nyumbani. Mwaka 1925 alikuwa amemuoa Ophelia Miller. Mwaka 1932 mama mkwe wake, Ola Babcock Miller, aligombea ukatibu wa jimbo la Iowa kwa tiketi ya chama cha Democratic. Chama kilimsimamisha zaidi kwa heshima ya marehemu mume wake kuliko kwa matumaini. Iowa ilikuwa ngome ya Republican. Gallup alimsaidia kwa kupima maoni ya wapiga kura. Bibi huyo alishinda, akawa mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Iowa. Kusema kweli, wimbi la Franklin Roosevelt mwaka huo lilibeba wengi, na takwimu za mkwe wake si ndizo zilizomchagua. Lakini Gallup aliona kwamba mbinu iliyopima wasomaji wa vibonzo inaweza kupima wapiga kura.

Mwaka huohuo alihamia New York kufanya kazi katika shirika la matangazo ya biashara. Mwaka 1935 alifungua taasisi yake ya maoni ya umma mjini Princeton, New Jersey, na Oktoba mwaka huo makala zake zikaanza kutoka katika magazeti mengi kwa wakati mmoja. Magazeti aliyapa dhamana ya mfanyabiashara: kama uchaguzi wa 1936 ungemshinda kuubashiri kuliko jarida maarufu la Literary Digest, wangerudishiwa pesa zao.

Literary Digest lilikuwa limepatia washindi wa chaguzi kadhaa mfululizo. Mwaka 1936 lilituma kadi milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2. Kadi hizo zilisema Alf Landon wa Republican atamshinda Roosevelt kwa asilimia 57. Gallup, kwa kuhoji watu wachache sana kuliko hao, alisema Roosevelt atashinda. Tena, miezi kadhaa kabla, alikuwa ametangaza kwamba jarida hilo litakosea na kwa kiasi gani, baada ya kutuma kadi 3,000 tu kwa watu wa aina ileile. Siri ilikuwa katika orodha. Majina ya Digest yalitoka kwenye vitabu vya simu na usajili wa magari, na katika mwaka wa njaa na ukosefu wa kazi, mwenye simu na gari hakuwa mfano wa Mmarekani wa kawaida. Gallup alipenda kueleza kwa mfano wa mpishi: kijiko kimoja kinatosha kuonja mchuzi wa sufuria nzima, mradi sufuria imekorogwa.

Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Digest lilifungwa mwaka 1938. Mwaka huo huo Mfaransa Jean Stoetzel, aliyekutana na Gallup Marekani, alianzisha mjini Paris taasisi ya IFOP, na kwa njia hiyo mbinu ikaingia katika nchi zinazozungumza Kifaransa.

Wiki saba za Willkie

Kumbashiri mshindi kati ya wawili mwezi Novemba ni jambo moja. Kuona mgombea wa tano au wa nne akipanda kabla chama hakijaamua ni jambo gumu zaidi, na hapo ndipo 1940 inapostahili kuangaliwa kwa utulivu.

Kura za mchujo zilikuwa chache wakati huo, na Dewey alishinda zile muhimu, zikiwemo za Wisconsin na Nebraska mwezi Aprili. Willkie hakushiriki hata moja. Hadi mwaka mmoja nyuma alikuwa bado mwanachama wa Democratic. Kwa hesabu za wakubwa wa chama hakuwepo kabisa.

Kisha vita vya Ulaya vikabadilisha swali. Mei 10 majeshi ya Hitler yaliingia Uholanzi na Ubelgiji. Mfalme wa Ubelgiji, nchi iliyokuwa ikiitawala Kongo, alisalimu amri Mei 28. Paris ilianguka Juni 14. Dewey alikuwa na umri wa miaka 38 na sifa ya kuwakamata wahalifu wa mjini. Wapinzani wake wakuu, maseneta Robert Taft na Arthur Vandenberg, walitaka Marekani ikae mbali na vita. Willkie alisema wazi kwamba Uingereza isaidiwe. Ghafla mtu ambaye hakuwa na cheo akawa na jibu kwa jambo ambalo kila familia ilikuwa ikilisikiliza redioni.

Vipimo vya Gallup viliyashika mabadiliko hayo yakiwa njiani. Katikati ya Juni Willkie alikuwa amefika asilimia 17, nafasi ya pili. Wiki moja baadaye alikuwa na 29, na Dewey alikuwa ameshuka hadi 47. Ukiangalia namba hizo kama picha moja, Dewey bado yuko mbele kwa pointi 18, na mtu mvivu angeandika kwamba uteuzi umekwisha. Ukizipanga kwa tarehe, unaona mmoja anapanda ngazi mbio na mwingine anateremka. Gallup alikuwa akiuliza swali lilelile kwa namna ileile kila baada ya muda, na faida ya kazi hiyo ya kuchosha ni kwamba mwelekeo ulionekana kabla ya matokeo.

Mkutano mkuu ulifanyika Philadelphia. Telegramu za kumuunga mkono Willkie ziliwamiminikia wajumbe kwa maelfu mengi, na watu waliojaa kwenye roshani za ukumbi waliimba jina lake usiku na mchana. Katika duru ya kwanza Dewey aliongoza kwa kura 360, Taft 189, Willkie 105. Duru ya sita ilimpa Willkie ushindi.

Malalamiko hayakukawia. Baadhi ya wanasiasa walidai vipimo vya maoni havipimi upepo, vinauvuma: mwananchi akisikia fulani anaongoza, anamfuata. Mbunge Walter Pierce wa Oregon alikuwa miongoni mwa waliotaka sheria ya kuvibana. Gallup alijibu katika kitabu alichokitoa mwaka huohuo pamoja na Saul Rae, akishikilia kwamba watu hawafuati namba kama kondoo. Kwa upande wa wapiga kura, hadithi ya Dewey inampa haki: kama kuongoza kungetosha kuvuta watu, mwenye asilimia 67 asingeanguka. Lakini wajumbe, wafadhili na wahariri si wapiga kura wa kawaida. Hao hutafuta mshindi wa kujishikiza kwake, na kwao namba ya Jumapili inaweza kuwa sababu ya uamuzi wa Jumatatu. Hoja hiyo Gallup hakuimaliza, wala waliomfuata.

Upepo uleule ulimgeukia Willkie. Aprili 1944 alijaribu tena, akaweka matumaini yake yote katika mchujo wa Wisconsin, akashika mkia bila kupata mjumbe hata mmoja. Alijitoa mara moja. Oktoba mwaka huo alifariki dunia.

Oktoba ambayo haikuulizwa

Mwaka 1948 Dewey, sasa gavana wa New York, alikuwa tena mbele ya Warepublican. Aprili 6 Harold Stassen, gavana wa zamani wa Minnesota, alimshinda Wisconsin, kisha Nebraska, na katika vipimo vya Gallup Stassen akampita Dewey. Mei 17 wawili hao walijadiliana redioni kabla ya mchujo wa Oregon, kuhusu kama chama cha Kikomunisti kipigwe marufuku. Stassen alitaka kipigwe marufuku. Dewey alikataa, na alibishana vizuri zaidi. Siku nne baadaye Dewey alishinda Oregon, na safari ya Stassen ikaishia hapo.

Kwa hiyo Gallup aliingia majira ya uchaguzi mkuu akiwa ameshuhudia, katika majuma yasiyozidi saba, mgombea mmoja akipanda, akiongoza na kuporomoka. Hata hivyo yeye na wenzake waliamini kwamba uchaguzi mkuu ni jambo jingine. Wakati wa mchujo, waliwaza, wananchi bado hawawajui wagombea. Kufikia vuli kila mtu ameshaamua, na kampeni haibadilishi sana. Mwenzake Elmo Roper alitangaza mapema Septemba kwamba haoni sababu ya kuendelea kupima. Gallup aliendelea, lakini naye aliacha kuhoji watu katikati ya Oktoba. Namba yake ya mwisho ilikuwa Dewey asilimia 49.5, Rais Harry Truman 44.5.

Truman alikuwa kwenye treni, akisimama katika vituo vidogo na kuwahutubia wakulima na wafanyakazi. Wademokrati wengi waliokuwa wamenuna walirudi nyumbani katika siku zile ambazo hakuna aliyekuwa akiuliza. Novemba 2 Truman alipata karibu asilimia 50, Dewey 45. Gazeti la Chicago Daily Tribune lilikuwa limeshachapisha kwamba Dewey ameshinda, na Truman akapigwa picha akilinyanyua juu, akicheka, katika kituo cha treni cha St. Louis: mji uleule ambako Gallup alianza kubisha hodi miaka 26 kabla.

Jambo ambalo watu wachache hulikumbuka ni kwamba kosa la 1948 kwa hesabu lilikuwa karibu sawa na la 1936. Mwaka 1936 Gallup alimpa Roosevelt chini ya asilimia 56, naye akapata karibu 61. Pointi tano, kama zile za Truman. Ila pointi za 1936 ziliangukia upande wa mshindi, na hakuna mteja aliyedai pesa zake. Mwaka 1948 magazeti kadhaa yalivunja mkataba.

Kamati ya wasomi ilichunguza kilichotokea. Kuacha kuuliza mapema kulikuwa sababu moja. Nyingine ilikuwa namna ya kuchagua watu: wahojaji walipewa idadi ya wanaume, wanawake, vijana na wazee wa kutafuta, lakini waliachiwa kuamua wamhoji nani, nao walielekea kwa watu waliokuwa rahisi kufikika na wenye maisha mazuri kidogo. Gallup alibadilisha yote mawili. Maeneo ya kuhoji yakaanza kuchaguliwa kwa bahati nasibu, na mahojiano yakaendelea hadi siku za mwisho. Hakujificha, aliendelea kuchapisha namba zake na kuzilinganisha hadharani na matokeo.

Alikuwa na masharti mengine aliyojiwekea. Taasisi yake haikupokea kazi za vyama wala za wagombea, na yeye mwenyewe aliacha kupiga kura katika chaguzi za urais baada ya 1928, asije akaonekana ana upande. Kwa raia wa kawaida hilo ni jambo la ajabu: mtu aliyetumia maisha yake kuuliza wengine watampigia nani, mwenyewe akakaa nje ya chumba cha kura.

Iowa yawa ya kwanza

Baada ya 1948 mchujo ulianza kuwa na meno. Machi 1952 Estes Kefauver, seneta wa Tennessee, alimshinda Rais Truman mwenyewe katika New Hampshire, na kabla mwezi haujaisha Truman alitangaza hatagombea tena. Kefauver alishinda karibu kila mchujo aliosimama na kuongoza katika maoni ya Wademokrati, lakini wakubwa wa chama wakamteua Adlai Stevenson. Wakati huo mpima maoni angeweza kuwa sahihi kabisa kuhusu wananchi na bado akakosea kuhusu mgombea.

Mageuzi yaliyofuata vurugu za 1968 yaliondoa nguvu hiyo kwa wakubwa. Na kuanzia 1972 jimbo lililotangulia wengine wote lilikuwa Iowa, nyumbani kwa Gallup, ambako wafuasi wa chama hukutana jioni ya baridi katika shule na kumbi za mitaa. Kubashiri mkutano wa namna hiyo ni kazi ya kutesa. Wanaohudhuria ni wachache, wengi huamua siku za mwisho, na kwa Wademokrati, hadi mwaka 2020, mgombea asiye na watu wa kutosha ukumbini aliwaachia watu wake wahamie kwa mwingine. Kwa hiyo chaguo la pili la mtu liliweza kuwa na uzito kama la kwanza.

Januari 1976 Jimmy Carter, gavana wa zamani wa Georgia, alikuwa na asilimia 4 tu katika kipimo cha taifa cha Gallup. Mwezi huohuo alipata karibu asilimia 28 Iowa. Waliosema hawajamchagua yeyote walikuwa wengi kuliko wake, asilimia 37, lakini asiyejulikana hawezi kupigwa picha. Carter ndiye aliyepigwa. Akashinda New Hampshire, na kufikia katikati ya Machi alikuwa mbele ya wapinzani wote wa chama chake. Ilikuwa hadithi ya Willkie tena, safari hii vita havikuhitajika. Asilimia 4 ya Januari haikuwa kosa la kipimo: ilipima ni wangapi wanamjua Carter, na wasomaji wakaisoma kama kwamba imepima ni wangapi watamkubali.

Mwaka 1980 George Bush aliishinda Iowa, akajisifu kwamba kasi iko upande wake, na wiki tano baadaye Ronald Reagan akamzima New Hampshire. Februari 1984 Gary Hart alipata asilimia 16 tu Iowa dhidi ya 49 za Walter Mondale. Siku nane baadaye Hart alishinda New Hampshire, na ndani ya siku chache alikuwa juu ya Mondale katika vipimo vya taifa. Mondale alihitaji miezi yote iliyobaki kumrudisha chini. Uteuzi ulikamilika San Francisco katikati ya Julai.

Wiki moja baada ya mkutano huo kufungwa, Julai 26, 1984, Gallup alifariki kwa ugonjwa wa moyo katika nyumba yake ya Tschingel, Uswisi, akiwa na umri wa miaka 82. Kampuni yenye jina lake ilipima chaguzi nane zaidi za urais. Mwaka 2012 kipimo chake cha mwisho kilimweka Mitt Romney mbele ya Barack Obama kwa pointi moja, na Obama akashinda kwa karibu nne. Oktoba 2015, wagombea wakiwa wameshaanza kuzunguka Iowa kutafuta kura za mwaka unaofuata, kampuni ilitangaza kwamba haitapima nani anaongoza katika mchujo.